Mikono ya Wasiojua

Mwalimu bora kuliko wote niliowahi kuwaona darasani nilimpa alama thelathini na nane kwa mia. Nilizijumlisha mara mbili kuhakikisha, nikatia sahihi, nikagonga muhuri wa shule, na jioni hiyo nikala chakula changu kwa hamu nzuri. Nilikuwa na miezi mitano ya kazi na cheti kipya kabisa. Yeye alikuwa amefundisha miaka kumi na minne na hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alama ya kupita ilikuwa hamsini.

Ili ieleweke jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofika hapo, lazima nianzie Lodwar, mwaka wa 2012, nilikokwenda kujifunza kazi.

Chuo changu cha ualimu kilikuwa kwenye baridi, upande wa juu wa Bonde la Ufa, mahali ambapo sweta ilikuwa sehemu ya sare. Katika mwaka wa pili kila mwanachuo alipelekwa shuleni kwa mazoezi ya mwisho ya kufundisha. Mimi niliomba Lodwar kwa sababu shangazi yangu alikuwa muuguzi huko na nyumba yake ilikuwa na chumba cha ziada. Nilifika na sanduku la nguo na bunda la karatasi za manila. Sweta nilikuja nayo pia. Shangazi aliitazama, akaikunja na kuiweka juu ya kabati.

Manila ndiyo iliyokuwa dini yetu chuoni. Tulifundishwa kwamba somo lina utangulizi wa dakika tano, hatua tatu, hitimisho, na chati moja yenye rangi zisizopungua tatu. Anayefuata hayo amefundisha. Wanafunzi hawakutajwa sana. Mimi nilikuwa hodari wa chati, na ya kwanza niliyoitundika Lodwar, darasa la nne, ilikuwa ya wanyama wafugwao. Ng'ombe alipita. Mbuzi alipita. Tulipofika kwa ngamia, darasa likanyamaza kama watu wanaoona aibu kwa niaba ya mgeni.

"Ticha," mvulana mmoja akauliza kwa upole, "huyu ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Ni ngamia mzima."

Wakashauriana kwa Kiturkana kwa muda. Kisha msichana mmoja akasimama kuleta uamuzi. "Ticha, tumeona hii miguu ya nyuma. Hata akipewa dawa hawezi kutembea. Afadhali achinjwe watu wakule."

Nilimtoa ngamia ukutani. Katika andalio la somo, mahali pa maoni ya mwalimu, niliandika: Lengo limefikiwa.

Siku ambayo mkufunzi kutoka chuoni angekuja kunitazama na kunipa alama ilijulikana wiki nzima mbele, na niliitumia wiki hiyo kufundisha darasa langu jambo moja tu. Kila mwanachuo aliyenitangulia alilijua, na kila mmoja alidhani amelibuni mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili: nikiuliza swali, kila mtu ainue mkono, bila kubaki hata mmoja. Anayejua jibu ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mkufunzi ataona msitu wa mikono, nami nitachagua ya kulia tu.

Tulifanya mazoezi mpaka watoto wakaanza kuinua mikono hata nilipouliza nani amechukua chaki yangu.

Mkufunzi alikuja saa nne, akakaa nyuma, akafungua fomu juu ya goti. Nikauliza swali langu la kwanza. Mikono ikapaa yote kwa pamoja. Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho katika wiki nzima sikukiwaza: darasa lilikuwa limenigeukia, na mimi nililigeukia darasa, kwa hiyo kulia kwao kulikuwa kushoto kwangu. Nikamchagua mtoto wa mstari wa pili kwa uhakika mkubwa.

Akasimama. Akaniangalia kwa huruma. "Ticha," akasema kwa sauti ya chini, "mimi niko na wale hawajui."

Mkufunzi alikuwa akifuta jasho shingoni kwa leso na nadhani hakusikia, au alisikia na joto likamshinda kuandika. Kwenye fomu yangu, mbele ya maneno Ushiriki wa Wanafunzi, aliweka: Bora sana. Niliondoka Lodwar nikiamini mambo mawili, kwamba mimi ni mwalimu, na kwamba darasa zuri hutambuliwa kwa wingi wa mikono iliyo juu.

Mwaka wa 2013 ulinikuta na cheti na bila kazi. Kuajiriwa na serikali ilikuwa kusubiri zamu, na zamu ilikuwa ya miaka. Nikaomba kandarasi katika shule za kambi ya Kakuma, nikaipata haraka kiasi cha kunitia wasiwasi. Shule niliyopewa ilikuwa na madarasa ya mabati ambayo kufikia saa sita hayakugusika kwa mkono, na walimu kumi na saba. Kati yao wenye cheti tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mkuu, bwana mmoja mtulivu kutoka upande wa ziwa wa Nyanza. Wengine wote walikuwa wakimbizi walioanza kufundisha kwa sababu watoto walikuwepo na mtu mzima aliyejua kusoma alikuwepo.

Kati ya hao alikuwepo mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye mashati mawili aliyoyapiga pasi mpaka yakang'aa. Kila mtu alimwita Ustaz, ndivyo wanavyomwita mwalimu kwa Kiarabu cha Juba. Mimi aliniita madam. Darasa lake lilikuwa na watoto mia moja thelathini na sita. Najua kwa sababu siku ya kwanza nilidhani amekosea kwenye daftari la mahudhurio, nikaenda kuwahesabu mwenyewe. Hakukosea. Mimi ndiye niliyepata mia moja thelathini na tisa, watatu wakiwa ndugu wadogo waliokuja kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu.

Katika muhula wa pili shirika lililosimamia shule zetu likatangaza mafunzo ya ualimu kwa walimu wakimbizi, nafasi moja kwa kila shule. Wangesoma wakati wa likizo, kuanzia ile ya Desemba, na mwisho wangepata cheti. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, mwombaji atazamwe akifundisha na apate angalau hamsini. Pili, asiwe amezidi miaka arobaini na mitano siku masomo yatakapoanza.

Shuleni kwetu aliomba Ustaz peke yake. Wenzake walikubaliana wasishindane naye, kwa sababu walioweza kungoja walikuwa vijana na yeye hakuweza. Kadi yake ya ukimbizi, kama kadi nyingi pale, ilimwandika kuwa amezaliwa Januari mosi.

"Mama alisema nilizaliwa wakati wa mvua," aliniambia akitabasamu. "Lakini aliyeandika alikuwa na haraka, akatupa sisi wote siku moja. Kambi nzima tunazeeka pamoja, madam." Kwa hesabu ya kadi hiyo angetimiza arobaini na sita Januari mosi ya 2014.

Nilimuuliza cheti kingemsaidia nini, maana kazi alikuwa nayo tayari.

"Hapa wananiita mwalimu kwa sababu hakuna mwingine," akasema. "Nikirudi kwetu wataniuliza karatasi. Bila karatasi, mimi ni mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka kumi na minne."

Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanipa fomu na muhuri. "Kaa nyuma, mtazame, ujaze. Mimi nina ripoti ya robo mwaka. Na wewe ndiye umetoka chuoni juzi, unajua wanataka nini."

Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilivaa viatu vya kufunika vidole katika joto lile. Niliingia darasani kwa Ustaz na kukohoa kidogo kama alivyokohoa mkufunzi wangu, nikatazama saa ya mkononi ambayo betri yake ilikufa Lodwar, nikafungua fomu juu ya goti.

Somo lilikuwa kugawanya kwa kubakisha. Ustaz hakuwa na chati. Andalio lake lilikuwa nyuma ya kipande cha katoni ya mafuta ya kupikia, mistari minne, bila dakika. Utangulizi haukuwepo, aliandika ubaoni kwamba watu saba wamepewa vikombe thelathini vya mahindi, akasema, "Gawanyeni, mseme nini kimebaki na apewe nani." Alisema hayo kwa Kiarabu cha Juba, akayarudia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Nikamkata alama za lugha. Darasa likainama. Baada ya muda akauliza, "Haya?" nami nikainua kalamu nihesabu mikono.

Mikono mitatu. Watoto mia moja thelathini na sita, na mikono mitatu.

Ustaz akamwendea wa kwanza, akachutama kando yake, wakanong'onezana. Akamwendea wa pili. Kwa wa tatu alikaa chini kabisa kwenye mchanga, akapanga vijiwe, akavichanganya, akavipanga upya. Wengine wote walikaa kimya, daftari wazi mbele yao. Niliandika: Ushiriki hafifu sana. Niliandika: Mwalimu anatumia muda mwingi na wanafunzi wachache. Niliandika, na niliiona sentensi nzuri, kwamba darasa halina uhai.

Baadaye tulisimama nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Nimeanguka, madam?"

"Ustaz, kuna mambo ya kurekebisha." Nikamweleza kuhusu utangulizi, dakika, manila, na zaidi ya yote mikono. Darasa zuri, nikamwambia, mikono huwa juu.

Alinisikiliza kwa makini, akaandika yote kwenye ile katoni, akanishukuru. Fomu ikaondoka kesho yake na gari la shirika kwenda ofisini kwao Lodwar. Wiki iliyofuata nilipita nikaona ametundika chati. Alikuwa amepasua maboksi, akayashona kwa uzi, akachora vikombe thelathini kwa mkaa. Nikamsifu.

Wiki mbili baada ya hapo malaria ikamlaza, na mwalimu mkuu akaniambia nishike darasa lake siku tatu. Nilikwenda na chati zangu. Niliandika swali la kugawanya vikombe, nikasubiri, nikauliza nani ana jibu. Mikono minne au mitano. Nikamchagua mvulana wa katikati.

"Sijui, madam."

Nikamchagua mwingine.

"Sijui."

Wa tatu alisimama, akaniangalia, akaangalia wenzake. "Hata mimi sijui. Nilikuwa nangoja uje."

Nilikasirika. Nilisema kwamba anayeinua mkono bila jibu anapoteza wakati wa darasa, na kwamba walikuwa wakinichezea kwa sababu Ustaz hayupo. Nilisema mengi. Walinisubiri nimalize. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa na mdogo wake mapajani, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mlango wa choo.

"Madam, hapa mkono ni ya kuitana. Kama hujui, unaita Ustaz, anakuja. Kama unajua, unaandika na unanyamaza. Sasa wewe unauliza wale hawajui peke yao."

Nikashuka kati ya mistari kuangalia madaftari. Nilianza mlangoni nikaenda mpaka ukutani. Jibu lilikuwepo, na kilichobaki kilikuwepo, daftari baada ya daftari. Katika mengi kulikuwa na mchoro mdogo wa aliyepewa vikombe vilivyobaki, mara nyingi bibi mmoja mwenye fimbo. Nilipofika nyuma nilikuta nafasi ileile nilipokaa siku ile na fomu. Kutoka pale, kwa kweli, huwezi kuona daftari hata moja. Unaona visogo, na mikono.

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Ustaz na kilo moja ya sukari. Mke wake akanipa kiti chao kizuri, yeye akaketi juu ya mtungi wa maji uliofunikwa, na mgonjwa akaegemea mlango, amejifunika shuka katika joto ambalo lingeivisha mkate. Nikamwambia nimejua kuhusu mikono.

"Aa, hiyo," akasema. "Madam, wako mia na thelathini na sita. Nikiangalia wanaojua, nitawaona lini wengine? Anayejua hana shida na mimi."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Alishangaa kidogo na swali hilo, akamtazama mkewe kana kwamba labda yeye angejibu vizuri zaidi.

"Ulikuwa unaandika," mkewe akasema.

"Ulikuwa unaandika," Ustaz akarudia. "Mtu mwenye fomu akiandika, hapa hatumkatizi. Ukimkatiza anakosea herufi moja ya jina, na mwezi mzima hupati chakula. Tumezoea kungoja amalize."

Nilimwambia nitairekebisha. Nilisema hivyo kwa wepesi wa mtu asiyewahi kurekebisha kitu ofisini.

Kesho yake nilichukua fomu mpya nikaijaza. Safari hii alipata themanini na tano. Mwalimu mkuu aliisoma yote mpaka chini.

"Madam, ile ya kwanza uliijaza ukiwa na homa?"

"Hapana."

"Ulikuwa umegombana na Ustaz?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi sababu ni nini?"

"Sababu ni kwamba sikujua ninachotazama."

Akavua miwani. "Hiyo siwezi kuiandika. Nikiandika mtahini wangu hakujua anachotazama, wataniuliza kwa nini nilimpa muhuri." Akafikiri. "Peleka mwenyewe. Andika barua ya maelezo."

Niliandika barua hiyo kwa siku mbili. Ilitoka kurasa nne, na sasa ninapokumbuka naona kwamba ilikuwa na utangulizi, hatua tatu na hitimisho. Likizo ya Agosti ilipofika nikaenda nayo Lodwar, nikalala kwa shangazi. Nilimsimulia habari yote tukimenya viazi.

"Kwa hiyo wewe," akasema, "umesoma miaka miwili ili umwangushe mwalimu anayefundisha."

"Nimekuja kurekebisha, shangazi."

"Sisi dawa tukikosea, tunakimbia wodini siku ileile. Wewe umekuja na likizo." Hakuinua macho kutoka kwenye viazi.

Ofisini mlinzi akanisalimu, "Ejok," nikajibu, akanielekeza kwa karani wa mafunzo, kijana nadhifu wa rika langu. Alitoa faili la Ustaz kwa dakika moja, jambo ambalo lilinipa matumaini makubwa. Akaziweka fomu mbili kando kwa kando, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, kisha barua.

"Mwandiko ni mmoja," akasema.

"Ndiyo. Ni wangu."

"Muhuri mmoja. Sahihi moja. Mwalimu ni yuleyule, darasa lilelile, kuna wiki tatu katikati. Moja inasema darasa halina uhai. Nyingine inasema sijaona darasa kama hili. Madam, mmoja wenu amekosea."

"Wa kwanza ndiye amekosea."

"Na huyo wa kwanza, alipokuwa anaandika, alikuwa na uhakika?"

"Alikuwa na uhakika sana."

"Sawasawa na wa pili?"

Nikamwambia njooni wenyewe mmwone, ni mwendo wa saa chache tu. Akaandika hilo pia. Alikuwa mtu mwema, na alinieleza ukweli kama ulivyo: hawezi kuitupa fomu yenye muhuri, wala hawezi kukataa nyingine yenye muhuri uleule. Angeziunganisha kwa pini na kuzipeleka kwa kamati. Kamati ikiona haja, ingemtuma mtu kutazama upya.

"Itakaa lini?"

"Kabla masomo hayajaanza. Ni lazima."

Niliporudi Kakuma nilimpa Ustaz habari hizo akifuta ubao. Akasema kamati ni watu wazuri, wana mambo mengi. Ile chati ya maboksi ilikuwa bado ukutani, naye alikuwa ameanza kutenga dakika tano za mwanzo wa kila somo kwa mikono yote juu, ili mtu wa kamati akitokea ghafla asikute darasa limelala. Watoto waliuita wakati huo "saa ya wageni". Nilimsihi auache. Akasema ataacha jibu likija.

Majina yalibandikwa Novemba. Kila shule ilikuwa na jina moja mbele yake. Mbele ya shule yetu paliandikwa: Itaarifiwa. Nilipiga simu Lodwar kila Jumatatu mpaka karani akaitambua sauti yangu na kuanza kujibu kabla sijauliza. Mtu wa kutumwa alikuwa ametajwa, gari halikuwepo. Gari likapatikana, shule zikawa zimefungwa. Kisha, katikati ya Desemba, vita vikaanza upya kule Sudan Kusini na malori yakaanza kuleta watu kutoka mpakani. Ofisi nzima ikageukia hilo, na ilikuwa haki.

Ustaz hakwenda likizo. Alikuwa akishinda mahali pa kupokelea wageni, akiandika majina ya watoto waliofika, akiwauliza waliachia darasa la ngapi. Nilimsaidia siku chache. Niliona kwamba kwa kila mtoto alimwuliza mama tarehe ya kuzaliwa, na mama asipoijua aliuliza kama mvua ilikuwa imeanza au imekwisha, akaandika mwezi. Foleni ilikwenda polepole na watu wakamnung'unikia.

Jumatatu ya mwisho ya mwaka nilipiga simu tena. Karani akasema masomo yameahirishwa mpaka wiki ya pili ya Januari, na kwamba kamati imeamua fomu moja itatumika na nyingine itafutwa. Nikamuuliza ni ipi. Akasema uamuzi umeandikwa ndani ya faili, faili liko mezani kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amesafiri. Keshokutwa yake ilikuwa Januari mosi, siku ambayo Ustaz angetimiza arobaini na sita.